Milima Haikutani, Binadamu Hukutana

Methali hii husemwa kwa furaha pale watu waliopoteana miaka mingi wanapogongana Kariakoo, au wanapoketi mkeka mmoja msibani. Husemwa pia kwa uchungu: aliyedhulumiwa humwachia mbaya wake maneno hayo, kisha akaenda zake. Katika hali zote mbili wanaokutana wanajuana. Lakini kuna kukutana kwingine ambako methali hii hukubeba na wafafanuzi hawakugusi sana, nako ni kwa mtoto anayevuka mipaka kwenda kwa mtu asiyemfahamu kabisa, kwa sababu tu mtu huyo alimfahamu baba yake.

Morogoro inawajua watoto wa namna hiyo. Mwaka 1977 serikali ya Tanzania iliipa ANC, chama cha wapigania uhuru wa Afrika Kusini, ardhi ya shamba la mkonge lililoachwa, pale Mazimbu, kilomita chache kutoka mjini. Baada ya maandamano ya wanafunzi wa Soweto ya Juni 16, 1976, vijana walikuwa wanamiminika kutoka Soweto na miji mingine, wengi wao wameacha masomo katikati, na walihitaji shule. Shule iliyojengwa hapo ikaitwa kwa jina la Solomon Mahlangu, mpigania uhuru wa miaka 22 aliyenyongwa na serikali ya makaburu huko Pretoria Aprili 6, 1979. Wageni hao walisoma, wakalima, wakafuga, wakapenda na kuzaa na wenyeji. Marufuku dhidi ya ANC ilipoondolewa Februari 1990, wakaanza kurudi kwao. Julai 1992 majengo ya Mazimbu yalikabidhiwa kwa Tanzania, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Baadhi ya watoto walibaki na mama zao.

Kwa mtoto aliyebaki, tabu huanzia kwenye jina. Wapigania uhuru wengi hawakuishi uhamishoni kwa majina yao ya nyumbani. Walichukua mengine, ili majasusi wa makaburu wasije wakawasumbua wazazi na ndugu walioachwa nyuma. Mama wa Kiluguru aliyeishi na mmoja wao huenda alilijua jina hilo moja tu, na ndilo alilompa mtoto kuwa ubini. Mtoto huyo akifika Johannesburg leo na cheti chake cha kuzaliwa mkononi, anaweza kupita ofisi baada ya ofisi asimpate mtu mwenye jina hilo, kwa kuwa nchini kwake baba hakuwahi kuitwa hivyo. Anayeweza kumsaidia ni mzee aliyelala bweni moja na baba yake, aliyemwita kwa jina la Mazimbu mchana na kumsikia usiku akilitaja la kwao. Mzee huyo akifa, majina hayo mawili yanabaki kuwa watu wawili.

Hapa ndipo ninapoiona hekima ya methali kuliko mahali pengine popote. Safu ya milima ya Uluguru inasimama juu ya Mazimbu, na yote iliyo nayo imo palepale iliposimama. Anayetaka kuijua aipande. Binadamu hana ukamilifu huo. Ujana wake umo kwa mwenzake wa bweni, hasira zake anazijua aliyewahi kugombana naye, hofu zake alimwambia mtu mmoja usiku mmoja na hakuzirudia tena. Mtu amegawanyika ndani ya watu aliopita kwao. Kwa hiyo hata aliyezikwa bado anaweza kukutana na mwanawe, mradi awepo aliyembeba kichwani na awepo atakayemfuata huko aliko. Milima haikutani kwa sababu haina watu wa kuibebea habari zake.

Na kukutana huko hakuji kwenyewe. Kuna pasi ya kusafiria, nauli iliyochangwa na wajomba, halafu basi la siku kadhaa kupitia Tunduma, Chirundu na Beitbridge. Mwisho wa safari yupo mzee mlangoni. Mgeni anainamisha kichwa: "Shikamoo, baba mdogo." Kama mzee hajasahau Kiswahili cha Morogoro, ataitikia "Marahaba, mwanangu," na undugu utakuwa umeanza kabla ya maswali. Baba alikuwa anachekaje? Alipenda nini? Kisha lile lililomtoa mtoto nyumbani, ambalo pengine hataweza kulitamka siku ya kwanza: aliwahi kunitaja?

Jibu linaweza kuwa chungu. Huenda baba alikuwa na mke na watoto Soweto muda wote huo. Huenda alikuwa na uwezo wa kuandika barua na hakuandika. Methali haikuahidi kwamba kukutana kutakuwa kutamu, na wale wanaoitumia kama onyo wanalijua hilo. Mzee anaweza kushawishika kumsitiri rafiki yake marehemu, na kumsitiri maiti ni jambo jema kwetu. Hata hivyo, naamini katika hili haki ya mtoto ni kubwa kuliko sitara ya baba. Aliyekuja mbali hivyo aambiwe ukweli, kwa upole, na aambiwe wote. Akidanganywa, amekutanishwa na mtu ambaye hakuwahi kuwepo.

Onyo hilo la methali linamhusu mzazi aliye hai pia. Wenzako wa kazini, wa kambini na wa safarini ndio watakaoulizwa habari zako siku ambayo huwezi tena kuzirekebisha.

Kijana aliyekuwa na miaka 20 wakati wa Soweto sasa yuko karibu na umri wa miaka 70, kama hajaupita. Ninyi wazee mlioishi Mazimbu, au katika kambi za ANC za Dakawa na Kongwa, kama mna picha za siku zile, andikeni nyuma yake majina yote mawili ya kila aliyemo. Nawe uliyebaki na jina moja tu la baba, usingoje nauli itimie ndipo uanze kuuliza. Anza mwaka huu, kwa majirani wa mama yako.