Msimu Unakuja na Nyumba Imejaa

Wajukuu zangu, kule Nanyamba na Tandahimba mikorosho imeshaanza kubeba mabibo, na ninajua kinachofuata. Oktoba minada itafunguliwa, fedha zitapita vyama vya ushirika, AMCOS, na benki, na kabla Novemba haijaisha malori ya magodoro, sofa na vyombo yatakuwa yameteremka kutoka Dar es Salaam kuwafuata huko huko vijijini. Wafanyabiashara wanaijua kalenda ya korosho kuliko sisi tunaoipanda. Nasema sasa, fedha zikiwa bado juu ya miti, kwa sababu zikishaingia mfukoni masikio huziba.

Msimu wa 2017/18 mnaukumbuka. Kilo ilifika karibu na shilingi 4,000 na pengine ikapita, na vijiji vya mkoa huu wa Mtwara vikajaa vitu ambavyo havikuwa na pa kukaa. Pikipiki mbili kwa nyumba yenye mwendeshaji mmoja. Sabufa ya kutikisa kuta za udongo. Friji, na nguzo ya umeme bado haijafika. Msimu uliofuata wanunuzi walikuja na bei ndogo, wakulima wakagoma kuuza, na Novemba 2018 serikali ikatangaza kununua yenyewe kwa shilingi 3,300, jeshi likasomba mzigo. Wengi walisubiri malipo kwa miezi. Ndipo vitu vile vile vikaanza kutoka mlangoni, kimoja kimoja, kwa bei ya kutupa, na walionunua walikuwa watu wa mjini waliokuwa na subira.

Mwaka ule ulikuwa na mambo yake, lakini mzunguko wenyewe ni wa kila mwaka. Kifuku, msimu wa mvua, kikiingia, chakula cha ndani kinapungua. Juni mikorosho inataka salfa, la sivyo ubwiriunga utakausha maua. Mwenye nyumba iliyojaa vitu hana senti mkononi. Anauza sofa, haitoshi, kisha usiku anamwendea mnunuzi wa magendo, mtu wa kangomba, na kumuuzia korosho ambayo bado ni ua. Hesabuni wenyewe: sofa kainunua kwa bei ya juu Novemba, kaiuza kwa bei ya chini Machi, kisha kauza mavuno kwa bei ya chini zaidi Juni. Vitu vimemla mara tatu. Na kijana akiniambia, “Bibi, siku hizi kuna pembejeo za ruzuku,” namjibu kwamba zipo na tunashukuru, ila salfa haijinyunyizi yenyewe. Inataka mashine, inataka mafuta ya mashine, na shamba linataka vibarua wa palizi.

Ndiyo maana siwezi kuwaita matajiri watu wenye nyumba zilizosheheni. Nyumba ya namna hiyo nimezoea kuiangalia kwa huruma, kwa sababu najua mwezi ambao itaanza kutoka nje.

Msidhani Mtwara imeanza jana kuonja balaa hili la vitu. Mji wenyewe ulizaliwa nalo. Mwaka 1947 Waingereza walijitosa kulima karanga Tanganyika kwa ukubwa ambao dunia haikuwa imeuona, Kongwa, Urambo na hapa kwetu Nachingwea. Walianza kwa kununua. Matrekta na mitambo iliyobaki jeshini baada ya Vita Kuu ya Pili ililetwa kwa meli, mingine ikiwa mibovu tangu ilipotoka, kabla watu hawajaujua vizuri udongo wala mvua. Kwa ajili ya karanga hizo Mtwara ikapimwa kuwa mji wa bandari, barabara pana, viwanja vikubwa, na reli ikajengwa kuelekea Nachingwea. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, umekula zaidi ya pauni milioni 36. Bandari ya kina kirefu ilikamilika 1954, karanga zenyewe hazipo. Reli ikaja kung'olewa miaka michache tu baadaye. Wale hawakuwa wajinga, walikuwa na wasomi na fedha za taifa zima, lakini walitanguliza vifaa, swali la vitafanya kazi gani likaja nyuma. Kijana anayenunua friji huku akisubiri nguzo anafuata njia ile ile.

Sasa nataka mtusikilize na sisi wazee, maana mkiingia vyumbani mwetu mnakuta makopo ya maziwa ya unga, chupa, mifuko ya plastiki iliyokunjwa, redio zisizolia na masanduku yasiyofunguliwa, mnacheka. Msicheke. Kizazi changu kilipitia, baada ya Vita vya Kagera, miaka ambayo sabuni ilipangiwa foleni, sukari ikagawiwa kwa vipimo, na mtu akifariki ndugu walihangaika kutafuta sanda. Kopo lilikuwa kikombe, lilikuwa kibaba, lilikuwa taa ya kibatari. Aliyelitupa alijuta. Mwaka 1983 ulipokuja msako wa wahujumu uchumi, kuweka vitu vingi ndani kukawa hatari, na wapo waliotupa mali porini usiku kwa kuogopa kupekuliwa. Halafu milango ikafunguliwa, mitumba ikaingia, akaja Rais Mwinyi na sera yake ya ruksa, na watu walioonja ukame wa vitu wakashindwa kuamini kwamba duka la kesho litakuwa na kitu. Hofu ile haijatoka. Inakaa uvunguni mwa kitanda pamoja na makopo.

Kwa hiyo mkitaka kumsaidia mama au bibi yenu, msimtupie vitu vyake akiwa msibani au hospitalini. Nimeshuhudia mzee aliyerudi nyumbani akakuta chumba kimefagiliwa na wanawe kwa nia njema, na hakuwaamini tena mpaka anakufa. Kaeni naye mkekani. Mshikieni kila kitu, mwacheni aseme kilitoka wapi, kisha aseme yeye mwenyewe apewe nani. Akitoa kwa mkono wake, moyo unakubali. Na iwapo vitu vimefika mahali ambapo hawezi kulala kitandani, hawezi kupika, na kutoa hata gazeti la zamani kunamletea kihoro, jueni kwamba huo unaweza kuwa ugonjwa. Shirika la Afya Duniani limeuweka katika orodha yake ya maradhi, toleo la 11 lililoanza kutumika 2022. Mpelekeni hospitali ya Ligula mkazungumze na daktari, kama ambavyo mngempeleka kwa shinikizo la damu. Matusi hayajamponya mtu.

Nije kwa mabinti, kwa sababu huku kwetu mzigo mkubwa zaidi wa vitu wanaubeba wanawake. Msichana akitolewa unyagoni, au akifanyiwa kichenpati kwa wale wa mjini, zinaanza kuhesabiwa hotipoti, seti za vikombe, mabeseni, doti za khanga. Anayetunza leo anatarajia kutunzwa kesho zaidi ya alichotoa, na wa keshokutwa azidishe tena. Mama anakopa kausha damu anunue kabati la kioo, ndani yake sahani ambazo wanawe hawajawahi kuzilia. Wageni wanaosubiriwa na sahani hizo ni akina nani? Nimekaa Mikindani maisha yangu yote, nimepokea wageni wa kila aina, na hakuna aliyekataa wali kwa sababu ya sahani.

Khanga ndizo zinazoniuma. Baada ya arobaini wanawake hukaa chumbani kufungua sanduku la marehemu, na mara nyingi tunakuta doti hazijakatwa wala kupindwa, karatasi ya dukani bado imegandishwa juu yake. Upepo wa bahari na unyevu wa kifuku vimekwisha kuzigusa: mikunjo imegeuka njano, ukivuta kidogo inachanika. Mwenyewe alikuwa akienda sokoni na khanga iliyochakaa, akizitunza hizi kwa siku nzuri. Siku nzuri zilimpita nyingi sana, nilikuwepo. Mabinti zangu, khanga ikatwe, ipindwe, ivaliwe. Ya ziada mpelekee mzazi aliyejifungua, ataihitaji wiki hiyo hiyo.

Zamani mtaa mzima ulikuwa na masufuria makubwa mawili matatu ya shughuli, na kila mtu alijua yamelala kwa nani. Ukiwa na harusi au hitima uliazima, ukarudisha yamesuguliwa. Leo kila nyumba inataka sufuria lake la pishi kumi, linatumika mara moja, kisha linakuwa kiota cha panya. Nawasifu akina mama wa vikundi wanaonunua viti, maturubai na sahani kwa pamoja na kuviazimisha. Hiyo ni akili nzuri, iendelezeni.

Tarehe 25 Aprili 2019 ilitufundisha sote kwa siku moja. Kimbunga Kenneth kilikuwa kinakuja, serikali ya mkoa ikawataka watu wahame mabondeni na kandokando ya bahari waende penye mwinuko na majengo imara. Shule na ofisi zikafungwa. Niliwaangalia watu wakipita: mtoto mgongoni, vyeti ndani ya mfuko wa plastiki, Msahafu, unga kidogo, simu. Hapakuwa na aliyebeba kabati. Walionitia hofu ni wale waliokataa kuondoka kwa sababu nyumba imejaa vitu na mlango hauna kufuli la maana. Mungu alitunusuru, kimbunga kikashukia Cabo Delgado, Msumbiji, ndugu zetu wa ng'ambo ya mto Ruvuma wakafa na nyumba zao kwa maelfu zikabomoka. Kingetua hapa, wale waliobaki wangekuwa wamekufa wakilinda sofa. Watu wa mto huu wangepaswa kulijua hilo kuliko wengine, kwa kuwa tangu vita vya Msumbiji vilipoanza 1964 tumewapokea wanaovuka na walichoweza kushika mkononi, na wengi wao walijenga upya wakaishi vizuri kati yetu.

Hata ufukweni tabia hii ya kulimbikiza vitu imefika. Vijana wa Msimbati wanaookota kauri na kombe za kupamba meza au kuwauzia wageni wajue kwamba zile zinazong'aa zaidi huchukuliwa konokono akiwa hai ndani. Hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na maingilio ya Ruvuma ilianzishwa mwaka 2000 ili vitu hivyo vibaki vilipo. Viacheni.

Dini zetu hazikunyamaza. Watoto wa chuoni wanaihifadhi Suratul Takathur, aya nane tu, inayozungumzia hasa mashindano haya ya wingi na mahali yanapowafikisha watu. Na Wakristo wa Ndanda na Masasi wanao mfano wa tajiri aliyepanga kujenga maghala makubwa zaidi, usiku ule ule akaitwa. Tunavisoma Ijumaa na Jumapili, Jumatatu tunakwenda mnadani.

Sikatazi kununua. Godoro zuri ni haki ya mwili uliopalilia mchana kutwa, na mabati yasiyovuja ni heshima. Ninachokataza ni kununua kwa sababu jirani kashusha mzigo, au kwa sababu fedha zipo. Kitu kikikaa bila kutumika katika hewa hii ya chumvi, kutu inakifuata, mchwa wanakifuata, na makopo na matairi ya uani yakishika maji, mbu wa homa ya denge wanazaliana humo. Kimeo hakipati thamani kwa kuhifadhiwa. Mpelekeeni fundi, naye akikishindwa, kiondoke.

Basi nawaomba hivi. Malipo ya mnada wa kwanza yakiingia, wekeni kando kwanza chakula cha kifuku, ada za watoto, bima ya afya na gharama ya kupulizia mikorosho mwakani. Kinachobaki kikae benki mpaka mnada wa pili upite, ndipo mwende dukani, mume na mke pamoja. Na wiki hii, kabla korosho haijaanza kuokotwa, fungueni makabati na masanduku yenu, toeni ambacho hakijatumika tangu msimu uliopita, na mkipeleke kwa mtu mnayemjua jina ambaye anakihitaji sasa.