JE, MZEE AWAFUATE WANAWE?

Tumeulizwa: mzee wa Tabaka, ambaye wanawe wamehamia Nairobi nao wamtaka akakae kwao, akikataa amewakosea? Nao wakimwacha, wamekosa?

Yafaa kwanza tujue asili ya jambo hili. Kwa desturi ya Wakisii, mwana wa kiume hujenga katika ardhi ya babake, na kwa hivyo zamani mzee hakuwa na haja ya kufikiri akae karibu na nani. Leo ardhi imekuwa finyu. Sensa ya 2019 ilihesabu katika Kaunti ya Kisii zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita ya mraba. Vijana wameondoka kutafuta riziki, wazee wamebaki.

Jawabu letu ni hili: wajibu wa kutunza ni wa mtoto, na hiari ya makao ni ya mzazi maadamu ana akili timamu. Sura ya Al-Israa, aya ya 23, yawausia watoto wawatendee wema wazazi waliofikia uzee, wasiwaonyeshe hata dalili ya kuchoshwa nao. Haiwaamrishi wazazi kufunga mizigo. Na Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 57, yampa mzee haki ya kutunzwa na jamaa zake na Serikali, na pia haki ya kuishi kwa heshima.

Tazameni mzee aliyechonga mawe miaka 40, akizoea kuketi na wenzake machimboni, na akina mama wakisugua na kuosha vinyago. Mjini atakuwa nani? Mwana yu kazini, mjukuu yu shuleni, naye yu chumbani peke yake. Amepata wanawe usiku, amepoteza jirani zake mchana kutwa.

Lakini na wana wasijidanganye. Fedha zinazotumwa kwa simu hununua unga. Hazimwinui mtu aliyeanguka usiku. Mmoja wao na arudi, au washike zamu, au wamlipe jamaa mwaminifu akae naye.

Na mzee naye, akishindwa kujitekea maji na kukumbuka dawa zake, asing'ang'anie nyumba tupu, kwani huko ni kuwabebesha jirani wajibu wa wanawe. Asijiulize, “Nani anipendaye zaidi?” Na ajiulize, “Nikiita usiku, nani atasikia?” Ajiulize hivyo angali na nguvu, maana asiyeamua mapema huamuliwa na maradhi.