Utoto Wangu ni Mali ya Nani?

Mtu akisema "utoto wangu", husema kwa uhakika wa mtu anayetaja shati lake. Ni wake, aliuishi mwenyewe, na hakuna awezaye kumnyang'anya. Mimi dai hilo limenitia shaka kwa muda mrefu, na aliyenizidishia shaka ni mwana wa fundi viatu aliyezaliwa mwaka 1886 katika mji mdogo wa Uingereza uitwao Stow-on-the-Wold. Jina lake Frederic Bartlett.

Stow umekaa juu ya kilima katika eneo la Cotswolds, Gloucestershire. Kwa karne nyingi uliishi kwa sufu na minada ya kondoo. Uwanja wake wa soko ni mpana kuliko mtu anavyotarajia kwa mji mdogo kiasi kile, na vichochoro vinavyouingia ni vyembamba mno. Wenyeji husimulia kwamba vilibanwa makusudi ili kondoo wapite mmoja mmoja wahesabike. Hebu mweke mtoto wa miaka 5 ndani ya kichochoro hicho. Kuta za mawe zimemfunika pande zote mbili na mbingu imebaki ufito tu juu ya kichwa chake. Anatembea kwa kupapasa jiwe. Mara ukuta unakwisha, na mbele yake umelala uwanja usio na mwisho.

Mtoto huyo akirudi na umri wa miaka 40 atauvuka uwanja kwa dakika moja na kusema kumbukumbu ilimdanganya. Mimi nasema haikumdanganya hata kidogo. Aliupima kwa miguu aliyokuwa nayo, na kwa miguu ile uwanja ulikuwa mkubwa kweli. Kilichobadilika ni kipimo.

Kwa hiyo tatizo la utoto haliko kwenye ukubwa wa vitu. Liko kwenye shahidi. John Locke, aliyezaliwa mwaka 1632 na kulelewa karibu na Pensford, mji mdogo wa Somerset, alifundisha kwamba nafsi ya mtu hufika pale tu kumbukumbu yake inapofika. Ninachokumbuka kukitenda ni changu. Fikra hii ina mvuto, maana inampa kila mtu ufunguo wa nyumba yake. Lakini watu wazima wengi hawakumbuki karibu lolote la kabla ya umri wa miaka 3. Basi yule aliyetambaa, aliyeungua na homa usiku mama akakesha naye, alikuwa nani?

Mwaka 1785 Thomas Reid wa Scotland alimjibu Locke kwa kisa. Mvulana alichapwa shuleni kwa kuiba matunda katika shamba la mtu. Akakua, akawa ofisa kijana, akateka bendera ya adui huku akikumbuka viboko vile. Uzeeni akawa jenerali: bendera anaikumbuka, viboko amevisahau kabisa. Kwa kanuni ya Locke, jenerali ndiye yule ofisa, na ofisa ndiye yule mvulana, lakini jenerali siye mvulana. Reid alitaka kuonyesha kwamba hoja inajipinga, na alifaulu. Swali langu mimi ni jingine: mwenye shamba yuko wapi? Katika mji mdogo yupo. Mwalimu aliyechapa yupo, na jirani aliyechungulia juu ya ua yupo. Jenerali amesahau, mji haujasahau.

Hapo ndipo Bartlett anapoingia. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1932 alieleza jinsi alivyowapa wasomaji wa Cambridge hadithi ya wenyeji wa Amerika ya Kaskazini, kisha akawataka waisimulie tena na tena. Mitumbwi ikageuka mashua za kawaida, uwindaji wa sili ukageuka uvuvi, na mizimu ikafifia. Hawakuwa waongo. Kila mmoja aliijenga hadithi upya kwa vifaa alivyopewa na jamii yake. Kitabu hichohicho kinamtaja mchungaji wa Kiswazi aliyesimulia ng'ombe walionunuliwa yapata mwaka mmoja nyuma, na bei na rangi zao, karibu bila kukosea. Bartlett hakuona muujiza. Palipo na jamii inayoishi kwa ng'ombe, kumbukumbu ya ng'ombe husimama imara.

Nikiviweka visa hivi viwili pamoja, naona jamii inayopinda kumbukumbu zetu ndiyo pia inayozishikilia zisianguke. Bartlett mwenyewe aliugua ujanani, akabaki kusomea nyumbani katika mji ambao watu wanajuana. Sioni sadfa kwamba mtu wa namna hiyo ndiye aliyetuambia kukumbuka si kazi ya kichwa kimoja.

Lakini mji mdogo unaweza pia kuwa gereza. Aliyeiba tufaha akiwa na miaka 7 anaweza kuitwa mwizi hadi anaota mvi, na wengi wamekimbilia London kwa sababu hiyo hasa: huko hakuna anayejua. Siwalaumu. Kukumbukwa na wengine bila kupewa nafasi ya kujibu ni dhuluma. Mji una ushahidi wake na mtoto ana wake, na ukweli wa utoto unahitaji pande zote mbili zisikilizwe.

Ndiyo maana inaniuma nyumba za miji ile zinapopanda bei hadi waliozaliwa humo hawazimudu, zikachukuliwa na watu wa mwisho wa wiki. Mawe yanabaki, vichochoro vinatunzwa, watalii wanapiga picha. Mashahidi ndio wanaotawanyika.

Kama bado yupo hai mtu aliyekujua ukiwa na miaka 3, mtafute mwaka huu umwulize ulikuwa mtoto wa namna gani. Msikilize mpaka amalize. Kisha mahali anapokosea, mwambie.