Ujuzi Unahamia kwa Nani?

Mashine ikianza kubangua korosho, ujuzi wa mbanguaji unakwenda wapi? Wengi husema unakufa. Nadhani ujuzi haufi, unahama, na suala zima la haki limo humo: unahamia kwa nani?

Tuanze na mikono. Masasi na Newala, mkoani Mtwara, wanaobangua kwa mkono wengi wao ni akina mama. Korosho iliyokwisha kukaangwa huwekwa juu ya jiwe, ikapigwa kirungu, ganda likaachia. Vidole vimepakwa majivu au mafuta, maana utomvu wa ganda huunguza ngozi. Pigo likizidi, korosho inavunjika. Likipungua, ganda halifunguki. Tofauti hiyo ni fedha: korosho karanga nzima huuzwa kwa madaraja kama W240 na W320, kulingana na idadi ya punje katika ratili moja, na vipande hupata bei ya chini. Mwulize mbanguaji anapimaje nguvu ya pigo, atakuonyesha tu. Anachokijua kimekaa mkononi, hakijapata kuandikwa popote.

Kutengeneza mashine ni kujaribu kuuhamishia ujuzi huo kwenye chuma. Katika miaka ya 1970 Tanzania ilijenga viwanda vya kubangua, vingi kwa mikopo ya Benki ya Dunia, hata vikafika 12, vikiwamo vya Masasi na Newala, kwa mitambo ya Italia na Japani. Wakati huo huo mavuno yalikuwa yakiporomoka: tani zipatazo 145,000 msimu wa 1973/74, zikabaki kama 16,500 msimu wa 1986/87. Wakulima walikuwa wamehamishiwa vijiji vya Ujamaa, mbali na mikorosho yao. Bei ilikatisha tamaa. Ugonjwa wa ubwiriunga ukamaliza maua ya mikorosho. Viwanda vikakosa korosho. Lakini hata korosho ilipokuwapo, mitambo ilivunja punje nyingi kuliko mikono ya wabanguaji wa India, na vipuri vilitoka ng'ambo. Viwanda vingi vikafungwa, na baadhi ya majengo yakageuka maghala. Ujuzi ulikuwa umetoka mkononi ukaingia kwenye chuma, na wenye kukijua chuma hicho walikuwa ng'ambo ya bahari.

Aristotle aliwahi kuwaza kwamba kama vyombo vya kufumia vingefuma vyenyewe, mabwana wasingehitaji watumwa. Aliona sawasawa kwamba mashine ingempunguzia mtu kazi. Hakuuliza chombo hicho kingekuwa cha nani, na nani angejua kukitengeneza.

Mtu ataniuliza: basi unataka akina mama waendelee kuungua vidole? La hasha. Kazi inayobabua ngozi haistahili kuhifadhiwa eti kwa kuwa ni ya asili. Tazama Vietnam, ambako, kama ilivyo India, huishia sehemu kubwa ya korosho ghafi yetu. Nao walibangua kwa mkono. Kisha karakana zao zikaanza kuunda mashine, zikazirekebisha mwaka hadi mwaka, hata leo wanawauzia wengine. Huko nako wapo waliopoteza kazi ya mkono, na hasara yao si ndogo. Lakini ujuzi ulihamia kwa fundi wa nchi yao wenyewe.

Ndiyo maana sitosheki ninaposikia kwamba vijana wetu wafundishwe kutumia teknolojia. Kutumia ni ngazi ya chini kabisa. Chukua mfano wa soko: tangu msimu wa 2024/25 minada ya korosho inaendeshwa kwa mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania (TMX), na bei inaonekana kwenye skrini. Mwanachama wa chama cha msingi cha ushirika (AMCOS) anayeweza kuisoma bei hiyo amepata kitu. Anayeweza kuuliza imepatikanaje, makato gani yatafuata, na kwa nini mnada wa jana ulikuwa juu zaidi, huyo ndiye mfumo hauwezi kumpita pembeni. Uwezo wa kuhoji ni ujuzi wa kazi kama ulivyo uwezo wa kubangua.

Kwa hiyo kiwanda kipya kikizinduliwa, tusihesabu tani peke yake. Tuulize: kisu cha mtambo kikipinda katikati ya msimu, anapigiwa simu nani? Ikiwa ni fundi aliyeko Newala, ujuzi umehama bila kutuacha. Ikiwa tunasubiri mtu ashuke kwenye ndege, tulichonunua ni chuma tu, na mbanguaji ametolewa kazini bure.