Faini niliyoitunga mwenyewe



Kwa miaka miwili nimemkusanyia shangazi kodi kwenye ploti yake huku Thika. Kila chumba shilingi 5,000, mwisho tarehe 5. Faini ya shilingi 200 kwa kila siku ya kuchelewa niliitunga mimi, wapangaji wote wakatia sahihi. Nilijiona mjanja, kusema kweli.

Mwezi wa tatu mama mmoja anayefulia watu nguo alilipwa tarehe 19. Akaja na 5,000 yake kamili. Nikamwambia bado 2,800, la sivyo naweka kufuli mlangoni. Hakubisha. "Sawa, mwanangu, si niliweka sahihi." Jioni akaituma, ameikopa kwa jirani.

Hiyo "sawa" imenifuata mpaka Misani. Sahihi inatosha kweli? Katekisimu namba 2410 inataka mikataba ishikwe, lakini kwa kadiri yaliyomo yalivyo ya haki. Namba 2409 inaweka chini ya amri ya saba, Usiibe, hata kupandisha bei kwa kutumia shida ya mwenzako, na hata kama sheria ya nchi haijakataza. Mtakatifu Thoma wa Akwino alikubali mkopeshaji afidiwe hasara aliyoipata. Basi nikachukua kalamu: siku zile 14 shangazi alipoteza nini? Nauli yangu ya kurudi mara ya pili, shilingi 100. Ile 2,700 iliyobaki nilimtoza kwa sababu alikuwa na shida, basi.

Na ile kufuli! Kumbukumbu la Torati 24 inamwambia anayefuata rehani asimame nje, asiingie nyumbani kwa mdaiwa. Hapa Kenya pia, kukamata vyombo vya mpangaji kwa deni la kodi ni kazi ya dalali mwenye leseni, si ya kijana aliyenunua kufuli dukani. Aliyefungiwa nyumba anaweza kwenda mahakamani hata kama anadaiwa. Huyo mama hakujua. Mimi nilijua kidogo, nikanyamaza.

Kuna jamaa mwingine pale ana pesa na anachelewesha makusudi. Huyo ananishinda, maana shangazi naye ananunua dawa ya presha kwa kodi hiyo hiyo.

Nimemwomba shangazi faini iwe shilingi 100, mara moja tu. Amecheka, akaniambia niende seminari. Hajakubali bado. Ile 2,700 nairudisha kutoka mfukoni mwangu; Jumamosi nimepeleka 500 za kwanza.