Mpe, Mimi Namdhamini

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Neno dhamana tunalisikia kila siku: fulani ameachiwa kwa dhamana, fulani amekosa wadhamini. Limetoka katika Kiarabu, na maana yake ni kujitwika jukumu lililo juu ya mwingine. (Tusilichanganye na thamani, nalo ni jingine kabisa, kosa hilo nimeliona hata kwenye matangazo yetu.) Siku hizi tumelilainisha, mdhamini amekuwa mtu wa kuandikwa jina kwenye jezi za mashindano. Katika fiqhi mdhamini ni mdaiwa.

Asili yake iko ndani ya Qur'ani. Katika Sura Yusuf, aya ya 72, kopo la mfalme limepotea. Mtangazaji anaahidi shehena ya ngamia kwa atakayelileta, na yeye mwenyewe anasimama kuidhamini ahadi hiyo.

Lakini iliyonikosesha usingizi ni hadithi ya Jabir, aliyoipokea Imam Ahmad. Liliwekwa jeneza mbele ya Mtume (S.A.W.), naye akauliza kama maiti ana deni. Akaambiwa dinari mbili. Akaondoka bila kumswalia, mpaka Abu Qatada alipozichukua juu yake, ndipo akamswalia. Siku iliyofuata akamuuliza Abu Qatada: zile dinari mbili vipi? Akajibu kwamba mtu mwenyewe amekufa jana tu. Kesho yake akamuuliza tena. Alipoambiwa zimelipwa, ndipo Mtume aliposema kuwa sasa ngozi ya yule maiti imepoa.

Tazameni: ahadi ilitosha kwa swala. Ngozi ilisubiri malipo.

Muhula uliopita nilimwambia muuza duka wa karibu na bweni, "Mpe, mimi namdhamini." Mwenzangu akachukua unga, sukari na sabuni, mpaka deni likafika shilingi 90,000, kisha akaacha masomo akarudi kwao. Nami nikaanza kuzunguka nyuma ya uwanja ili nisipite pale dukani. Nilijifariji kwamba si mimi niliyekula. Nilipomuuliza ustadhi wetu, alinijibu kwa madhehebu ya Imam Shafii: mwenye mali ana haki ya kumdai yeyote kati ya wawili, mkopaji au mdhamini.

Nimelipa 70,000. Zimebaki 20,000, na sasa napita mbele ya duka.