Nani Abebe Kosa la Wengi?

Liko neno moja la Kizaramo ambalo wazee wa Kibaha na Kisarawe walilijua tangu zamani, lakini mwezi wa Februari mwaka 2008 lilisikika katika nchi nzima, hata kwa watu wasiopata kufika Uzaramo. Neno hilo ni bangusilo. Alilitaja Dokta Ibrahim Msabaha, aliyekuwa mbunge wa Kibaha Vijijini na waziri katika Serikali, alipouacha uwaziri wake. Alijiita bangusilo, yaani mtu atwikwaye lawama za wengine, mfano wa mbuzi wa kafara. Magazeti yalilichukua neno hilo, watu wakacheka, kisha wengi wakalisahau. Sisi hatukulisahau, kwa kuwa twaona ndani yake mna swali lililo kubwa kuliko kicheko: kosa likitendwa kwa mikono mingi, ni nani aubebe mzigo wake?

Kwanza tuikumbushe habari yenyewe, maana vijana wengi walikuwa bado watoto wakati ule. Mwaka 2005 na mwaka 2006 mvua zilikosekana, maji yakapungua sana katika mabwawa ya kuzalisha umeme, kama lile la Mtera, nayo miji ikakaa gizani kwa zamu. Serikali ikatafuta kwa haraka mitambo ya kukodi. Tarehe 23 Juni 2006 mkataba ulitiwa sahihi na kampuni iliyoitwa Richmond, iliyosemwa kuwa ya Houston katika Marekani, ili ilete mitambo ya megawati 100. Wakati huo Dokta Msabaha ndiye aliyekuwa Waziri wa Nishati na Madini. Mitambo haikufika kwa wakati uliopatanwa, na ilipofika mvua zilikuwa zimekwisha kurudi. Kabla mwaka ule haujaisha mkataba ulihamishwa, ukapewa kampuni nyingine iliyoitwa Dowans. Ikaelezwa kwamba shirika la umeme, TANESCO, lilipaswa kulipa shilingi milioni 152 kila siku, mitambo ikizunguka au isipozunguka. Hesabuni wenyewe: kwa siku 30 ni shilingi milioni 4,560.

Mwaka 2007 chombo cha nchi cha kuzuia rushwa, TAKUKURU, kilichunguza shauri hilo, kikatangaza kwamba hakikuona rushwa. Bunge halikuridhika. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule liliunda Kamati Teule ya wabunge watano, na mwenyekiti wake alikuwa Dokta Harrison Mwakyembe. Tarehe 6 Februari 2008 taarifa ya kamati ilisomwa Dodoma. Ilisema kwamba kampuni ile haikuwa na fedha, wala ujuzi, wala uzoefu wa kazi iliyopewa. Tena kwamba wakubwa waliingilia shauri la zabuni, na Ofisi ya Waziri Mkuu ikatajwa. Siku ya pili yake Waziri Mkuu, Bwana Edward Lowassa, alitangaza kujiuzulu. Wakajiuzulu pia Dokta Msabaha na Bwana Nazir Karamagi, aliyemfuata katika Wizara ya Nishati na Madini. Rais Jakaya Kikwete, ambaye ni mwenyeji wa Mkoa huu huu wa Pwani, akalivunja Baraza la Mawaziri.

Haki yatudai tuseme na upande wa pili. Bwana Lowassa alikana kwamba alitenda kosa, akalalamika kwamba kamati haikumwita ajieleze kabla ya kumtaja. Tena hakuna hata mmoja wa wale watatu aliyehukumiwa na mahakama kwa shauri hilo. Kwa hiyo sisi hatuna ruhusa ya kumwita mtu mwizi, wala msomaji hana. Mzee wa baraza kijijini hatoi hukumu ya shamba kabla ya kuwasikia wenye mpaka wote wawili, na haifai tuwafanyie wakubwa jambo ambalo tungelichukia kama lingefanywa kwetu. Walakini kuacha kumhukumu mtu si kuacha kulifikiri jambo.

Basi, tulifikiri. Wako wasemao hivi: ‘Mwenye kosa ni yule aliyekula fedha peke yake. Aliyeandika barua kwa kuamriwa, aliyetia sahihi kwa haraka, aliyejua akanyamaza, hao wote hawana neno.’ Maneno haya ni matamu, maana yatupa wengi wetu usingizi. Lakini wazee walisema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Ikiwa kazi njema haitimizwi na kidole kimoja, kazi mbaya nayo haitimizwi hivyo. Mkubwa apendaye kupindisha jambo la nchi hawezi kulipindisha peke yake. Humhitaji mtu wa kuandika, na mtu wa kupeleka, na mtu wa kusema ‘naam’, na watu wengi wa kutazama pembeni. Tukiwatoa hao wote katika hesabu, tumelitoa kosa lenyewe, maana bila wao lisingetendeka.

Wako wengine wasemao kinyume chake: ‘Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Waliomzunguka mkubwa wote ni wamoja, wafagiliwe wote.’ Maneno haya nayo si ya haki. Karani aliyeogopa kupoteza mkate wa watoto wake hayuko sawa na tajiri aliyezidisha mali. Aliyeonya akapuuzwa hayuko sawa na aliyesukuma. Tena tukisema kwamba wote ni sawa, mwenye kosa kubwa hujificha nyuma ya wenye makosa madogo, kama simba ajifichaye ndani ya kundi la ng’ombe. Hivyo hukumu ya jumla, ijapokuwa yaonekana kali, mwisho wake humwokoa yule aliyestahili ukali.

Sisi twaona kwamba mizigo ni miwili, na watu huichanganya. Mzigo wa kwanza ni hatia. Huu ni wa mtu mwenyewe, kwa kadiri ya alilotenda na alilolijua, wala haugawiki kwa mwingine. Mzigo wa pili ni dhamana. Huu ni wa kiti, naye akaliaye kiti huubeba hata kama mikono yake ni safi. Mfano wake tunao karibu. Mzee Ali Hassan Mwinyi alizaliwa Kivure, katika nchi iliyokuwa ya Kisarawe zamani na ambayo siku hizi ni ya Mkuranga. Alipokuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, watuhumiwa walikufa mikononi mwa polisi katika Mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Yeye hakumpiga mtu, wala hakuamuru apigwe. Hata hivyo mwaka 1977 aliuacha uwaziri, kwa kuwa waliotenda walikuwa chini yake. Watu hawakumwita mkosaji. Walimwamini zaidi, na mwaka 1985 akawa Rais wa nchi.

Kwa hiyo waziri aachaye kiti si lazima awe mwenye hatia, wala si lazima awe bangusilo. Yawezekana kwamba analipa deni la dhamana tu, na deni hilo ni halali. Mtu huwa bangusilo kweli pale tu atwikwapo hatia ya wengine, nao wakaenda zao wepesi. Hapo ndipo jambo linapokuwa dhuluma, kwake yeye na kwa nchi pia.

Tuangalie sasa kafara yenyewe, maana wengi hulitaja neno hili bila kukumbuka asili yake. Katika kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 16, twasoma habari za mbuzi aliyepelekwa nyikani na dhambi za watu. Lakini angalieni utaratibu wake. Kabla mbuzi hajaondoka, kuhani aliweka mikono yote miwili juu ya kichwa chake, akayaungama maovu ya watu wote. Kuungama kulitangulia. Watu hawakumfukuza mbuzi ili wapate kusema kwamba wao hawana kosa. Walimfukuza baada ya kukiri kwamba kosa ni lao. Siku hizi twapenda kufanya nusu ya pili peke yake. Twamfukuza mmoja mbio, vumbi likitulia twasema, ‘Sasa tumetakata.’ Hasha! Bila kuungama hakuna kilichoondoka ila mbuzi.

Tena iko tofauti nyingine kati ya mbuzi na mtu. Mbuzi hana kinywa cha kusema, mtu anacho. Mtu asemaye, ‘Nimetwikwa ya wengine,’ amesema nusu ya neno. Nusu iliyobaki ni hii: wengine hao ni akina nani, na walitenda nini? Hatusemi haya ili kumlaumu mtu mmoja, maana twajua jinsi kusema kulivyo na hatari, na jinsi mtu anavyoweza kufungwa na viapo na urafiki. Twasema kwamba anyamazaye hubaki na mzigo usio wake, tena huwaacha wananchi wakiwa na mashaka juu ya kila mtu. Ukweli ukisemwa, hata walio safi hupumzika.

Huenda msomaji akasema, ‘Haya ni mambo ya Dodoma na ya mawaziri, sisi watu wa mihogo na mikorosho tuna nini nayo?’ Tutamjibu kwa habari yetu wenyewe, wala si habari ya kujisifu. Katika kijiji kimoja upande wa Kisarawe, ambacho hatutakitaja, paliundwa halmashauri ya kisima, nasi tulikuwamo. Watu walichanga fedha nyumba kwa nyumba, wengine wakiuza mkaa, wengine kuku. Siku moja karatasi ya malipo ililetwa baada ya ibada, hali jua limekuwa kali na kila mtu ataka kwenda kwake. Mzee mmoja mwenye heshima alisema, ‘Tieni sahihi, vijana, fundi anangoja.’ Tukatia sahihi. Hatukusoma. Mmoja wetu aliuliza risiti iko wapi, nasi wenyewe tukamkonyeza anyamaze, tukiona haya kumwuliza mzee mbele za watu. Pampu haikuja. Mkutano ulipoitishwa, kijiji kizima kilimgeukia mtunza fedha, kijana maskini aliyekuwa ameziandika hesabu kama alivyoambiwa. Alihama usiku pamoja na mkewe. Sisi tuliotia sahihi tulirudi majumbani, tukala, tukalala.

Hata leo wanawake wa kijiji kile wachota maji mbali, na kila tuwaonapo na ndoo kichwani twakumbuka sahihi yetu. Hatukula hata senti moja. Lakini twajua kwamba kama mmoja wetu angesema, ‘Mzee wangu, samahani, naomba kwanza tuone risiti,’ maji yangekuwa karibu na yule kijana angekuwa kwao. Hatia yetu si ya mwizi. Ni hatia ya mtu aliyemfungulia mlango kwa kuona haya. Ni ndogo kuliko ile ya mwizi, lakini ni yetu, wala yule kijana hawezi kutuchukulia.

Hapa ndipo twaona shina la jambo. Wengi wa wale wauzungukao mti wa mkubwa si watu wabaya. Ni watu waliofundishwa heshima, nao hawakufundishwa mpaka wake. Tangu utotoni twaambiwa kwamba mdogo hambishii mkubwa, na hilo ni jema nyumbani. Lakini heshima isiyoweza kusema ‘hapana’ imekwisha kuwa woga uliovaa nguo ya heshima. Tena haraka ni rafiki wa udanganyifu. Kiza cha mwaka 2006 kilikuwa cha kweli, na kiu ya kijiji chetu ilikuwa ya kweli. Na katika shida ya kweli ndipo watu huambiwa, ‘Si wakati wa kuuliza.’ Kumbe ndio wakati wenyewe.

Mwaka 2022 ilifunguliwa Kibaha shule ya uongozi yenye jina la Mwalimu Julius Nyerere, iliyojengwa kwa ushirika wa vyama vya ukombozi vya nchi sita za kusini mwa Afrika, yetu ikiwamo. Twafurahi kwamba vijana huja katika nchi yetu ya Pwani kufundishwa uongozi. Lakini shule ya kwanza ya uongozi ni baraza la nyumba na halmashauri ya kijiji. Mtoto akiona baba yake anatia sahihi asichokisoma, amekwisha kufundishwa. Na akiona mama yake anauliza risiti kwa adabu bila kutetemeka, naye amekwisha kufundishwa.

Bwana Lowassa alifariki tarehe 10 Februari 2024, na Mzee Mwinyi akafariki tarehe 29 ya mwezi ule ule. Hukumu yao haiko mikononi mwetu. Iliyo mikononi mwetu ni kalamu. Basi, ndugu msomaji, karatasi ijapo mbele yako, isome. Ukiwa na kiti, ubebe mzigo wa kiti bila kunung’unika. Ukiwa na hatia, iseme kwa kipimo chake, usizidishe wala usipunguze. Na ukiona watu wote wamemnyoshea mmoja kidole, jiulize kwanza wewe ulikuwa wapi siku ile karatasi ilipopita. Kama ulikuwapo, simama karibu naye.